Majina Yaliyorudi na Yaliyobaki Nyuma: Kutoka Nyahururu hadi Ziwa Turkana

Nimeiandika simulizi hii baada ya kurejea Nairobi, kwa kutegemea daftari la mfukoni, risiti nilizozikunja humo na picha za simu. Nia ya safari ilikuwa moja: kupita katika sehemu ambazo wavumbuzi wa Ulaya walizipa majina ya watu wao, na ambazo Kenya huru iliziondolea majina hayo, ili nione kilichofuata baada ya ramani kuchapishwa upya. Shuleni tulikariri kwamba Ziwa Rudolf sasa ni Turkana, Ziwa Hannington ni Bogoria na mji wa Thomson's Falls ni Nyahururu, kana kwamba jambo lenyewe lilimalizika siku ile tangazo lilipotoka. Njiani nilikuta kila mahali pamefika hatua yake, na pengine hatua hiyo ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Jumatatu: Nairobi – Nyahururu

Matatu za Nyahururu huondokea Nyamakima, na nauli niliyolipa asubuhi hiyo ilikuwa shilingi 600. Tulikaa zaidi ya saa moja tukisubiri viti viwili vya mwisho vijae, kisha tukasimama tena Soko Mjinga, ambako abiria karibu wote walishuka kununua viazi na kabichi, hata mguu wangu wa kulia ukakosa mahali pa kukaa hadi Gilgil. Hapo tuliiacha barabara kuu na kushika njia ya Ol Kalou, na safu ya milima ikajitokeza upande wa kulia, kilele chake kikiwa ndani ya mawingu.

Safu hiyo ina majina mawili yanayotumika kwa wakati mmoja. Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza, alipopita katika nchi hii mwaka 1883 aliipa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa shirika hilo. Wakikuyu walikuwa wakiiita Nyandarua. Leo kaunti ni Nyandarua, lakini hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1950 katika milima hiyo hiyo bado ni Aberdare. Nilimwuliza mama niliyekaa naye, ambaye shamba lake liko karibu na Ol Kalou, yeye huiitaje. Alinijibu bila kusita kwamba mlima ni Nyandarua, na kule kwa ndovu ni Aberdare. Nilipomwambia kwamba ni mahali pamoja alicheka, akasema kwamba kwake si pamoja, kwa kuwa Nyandarua humletea mvua na Aberdare humletea ndovu wa kukanyaga viazi vyake.

Kwa atakayefuata njia hii: Nyahururu iko juu ya mita 2,300 na baridi yake ya jioni haina mzaha. Beba sweta nzito hata kama Nairobi umeiacha na jua. Chumba safi chenye maji ya moto nilikipata kwa shilingi 1,200 karibu na kituo cha magari, na chakula cha jioni kilikuwa mukimo (viazi vilivyopondwa na mahindi) na mchuzi wa nyama kwa shilingi 250.

Jumanne: Kwenye maporomoko

Mji ulibadilishwa jina, maporomoko hayakubadilishwa. Kibao cha langoni kinasema Thomson's Falls, tiketi inasema hivyo hivyo, na wenyeji wenyewe hufupisha kwa kusema Tifolsi. Mto Ewaso Narok unafika ukingoni ukiwa mtulivu, halafu unaanguka mita 74 hadi bondeni, na ukisimama kwenye ukuta wa juu unapata manyunyu usoni kila upepo unapogeuka.

Wauza vinyago wana safu ya vibanda karibu na ukuta huo. Mmoja wao, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya sufu, aliniwekea kinyonga kwenye mkono wa sweta ili nipige picha kwa shilingi 100. Nilimtazama mnyama huyo kwa muda mrefu kuliko nilivyoyatazama maji. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, vikabana uzi wa sufu kama koleo, na jicho moja lilinitazama mimi huku lingine likimfuata nzi kwenye bega la mwenye kibanda.

Nilimwuliza mzee huyo kwa nini mji upate jina lake na maporomoko yasipate. Jibu lake nililiandika pale pale. "Mwalimu, mgeni akiandika Nyahururu kwenye simu yake ataletewa mji, soko na benki. Akiandika Thomson ataletwa hapa kwangu." Aliongeza kwamba hana ubaya na jina la zamani kurudi, mradi atakayelirudisha akumbuke kumlipia kibao kipya na miezi ya biashara itakayopotea. Sioni kwamba hoja yake inatosha, kwa sababu wageni wa Ziwa Turkana hawakuacha kuja mwaka jina lilipobadilika. Hata hivyo mlo wake unatoka hapo, wangu hautoki hapo.

Njia ya kushuka bondeni ni ngazi za udongo na mawe yenye utelezi. Ukishuka, chukua kijana wa kukuongoza na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza.

Jumatano: Nyahururu – Nakuru – Marigat – Loboi

Hadi Nakuru kupitia Subukia hapakuwa na la kusimulia isipokuwa miteremko. Kutoka Nakuru hadi Marigat nililipa shilingi 400, barabara ni ya lami, na baada ya Mogotio, mahali ambapo Ikweta inakatiza barabara, joto lilianza kupanda na mashamba yakawa vichaka vya migunga na mbuzi. Marigat nilishuka saa nane mchana, nikanywa soda mbili mfululizo, kisha nikachukua pikipiki kwenda Loboi.

Chumba nilichokuwa nimekiagiza kwa simu kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Mama mmoja muuza asali, aliyesikia nikibishana na mwenye gesti, alinichukua hadi kwake bila kuniuliza ninatoka ukoo gani, akamhamisha mwanawe kitandani na kunitandikia. Usiku tulikula ugali, mboga za kienyeji na mursik, yaani maziwa ya mgando, na nilipotaka kulipa alisema nitalipa kwa kununua asali. Nilinunua chupa mbili kwa shilingi 1,000, nazo hadi leo hazijaisha.

Alhamisi: Ziwa Bogoria

Mzee aliyenipeleka ziwani ni jirani ya mama huyo, Mwendorois aliyezaliwa kando ya maji. Ziwa limefura sana katika miaka ya karibuni, limemeza sehemu ya barabara ya zamani na miti iliyokauka imesimama ndani yake ikiwa imeshikwa na magadi. Tulizunguka kwa miguu hadi kwenye chemchemi za maji moto. Mvuke unatoka kwenye nyufa, maji yanaruka yakichemka, na harufu ya kiberiti inakaa kwenye nguo hadi kesho yake. Wageni waliotutangulia walikuwa wakichemsha mayai katika kijito, wakayatoa kwa kijiko kilichofungwa kwenye fimbo. Ng'ambo heroe walikuwa mstari mmoja wa waridi, si wengi kama katika kalenda, lakini walitosha.

Hapa historia ya jina ni nzito kuliko ya maporomoko. Askofu James Hannington wa kanisa la Kianglikana alipita mwaka 1885 akielekea Buganda, na mwezi Oktoba mwaka huo huo aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ziwa likabaki na jina lake kwa miongo mingi. Mwaka 1973 serikali ya Kenya, ikiwa huru kwa miaka kumi, ilitangaza Hifadhi ya Wanyama ya Ziwa Hannington na kuanza kuwaondoa Waendorois, jamii ya wafugaji ambao malisho yao, chumvi ya mifugo yao na sehemu zao za ibada zilikuwa hapo. Wao huamini kwamba ziwa lilitokea usiku mmoja Mungu alipoididimiza ardhi pamoja na jamaa zilizokaa juu yake, na kwamba roho za waliozama zimo humo. Mwaka 1978 hifadhi hiyo hiyo ilitangazwa upya kwa jina la Bogoria.

"Tulitolewa katika Hannington, tukazuiwa kuingia Bogoria," mzee aliniambia, akiwa amesimama na fimbo mabegani. "Ziwa ni lile lile na tiketi inauzwa vile vile."

Waendorois walipeleka shauri lao kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Mwaka 2010 uamuzi wa tume ulitolewa hadharani: kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwamo haki ya maendeleo, na kwamba iwatambue kuwa wenye ardhi hiyo, iwarudishie, iwafidie na kuwapa sehemu ya mapato ya hifadhi. Mwaka uliofuata, ziwa pamoja na Nakuru na Elementaita likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mzee anaufahamu uamuzi huo kifungu kwa kifungu. Nilipomwuliza kama kurudishwa kwa jina kulimfurahisha, aliniuliza kwa upole kama mimi nikiporwa ng'ombe, kisha aliyempora akaanza kumwita kwa jina nililompa mimi, nitasema ng'ombe amerudi. Sikuwa na la kumjibu, na tangu hapo nilibadilisha maswali niliyokuwa nikiuliza watu.

Kiingilio hulipwa kwa simu na hutofautiana kwa mkazi na mgeni, hivyo uliza Marigat kabla ya kufika ili usije ukashtushwa langoni. Nenda alfajiri. Baada ya saa nne jua linaunguza kutoka juu na ardhi inaunguza kutoka chini.

Ijumaa hadi Jumapili: Maralal

Nilirudi Nyahururu kwa njia ile ile, nikalala, na kesho yake nikapanda gari la Maralal kwa shilingi 800, lami hadi mwisho. Jumapili yote niliipoteza nikisubiri lori la Loiyangalani, ambalo kila saa liliahidiwa kuondoka baada ya saa moja.

Kusubiri kulinipa nafasi ya kuiona nyumba ambamo Jomo Kenyatta alizuiliwa mwaka 1961, kabla tu ya kuachiliwa. Kabla ya kuletwa Maralal alikuwa amefungwa Lokitaung tangu mwaka 1953, kisha akawekwa Lodwar, sehemu zote mbili zikiwa magharibi mwa ziwa lililoitwa Rudolf. Ni yeye aliyekuja kulibadilisha jina mwaka 1975 akiwa rais. Sijui ni wafungwa wangapi duniani waliopata kuibadilisha ramani ya nchi ya kifungo chao, na nilikaa kwenye ngazi za nyumba ile nikilifikiri jambo hilo hadi mlinzi aliponikumbusha kwamba muda wa kufunga umepita.

Wakati huo huo si kila jina jipya huwa ni la kurudisha. Katika miaka ya sabini Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin, na Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko. Tawala zao zilipoanguka majina hayo yalianguka nazo, yakarudi yale ya jamaa ya Malkia Victoria, huku majina ambayo wavuvi wa kandokando walikuwa nayo yakibaki pembeni. Hata Marekani, Mlima Denali uliorejeshewa rasmi jina lake na serikali kuu mwaka 2015 uliitwa tena McKinley kwa amri ya rais mwezi Januari 2025. Kinachotolewa kwa karatasi huweza kuchukuliwa kwa karatasi.

Jumatatu na Jumanne: Maralal – Baragoi – South Horr – Loiyangalani

Lori liliondoka saa kumi alfajiri likiwa na unga, mafuta ya kupikia, sabuni na soda, na sisi abiria tukiwa juu ya turubai kwa shilingi 2,000 kila mmoja. Kabla ya Baragoi springi ya nyuma ilikatika. Dereva na utingo wake waliifunga kwa mnyororo na kipande cha mti, wakafanya kazi hiyo kwa saa nne bila kupandisha sauti, na tuliingia Baragoi usiku. Mwenye duka mmoja alinifungulia stoo, akanipa godoro kati ya magunia, na asubuhi alikataa pesa zangu ila akapokea majani ya chai.

Neno kwa wanaofikiria njia hii: hali ya usalama kati ya Maralal na Baragoi hubadilika. Waulize polisi na madereva siku hiyo hiyo, wala usitegemee habari za mwezi uliopita, zikiwemo zangu. Beba fedha taslimu za noti ndogo kutoka Maralal, na maji zaidi ya unayodhani utahitaji.

South Horr ni bonde la kijani chini ya Mlima Nyiro, mlima mtakatifu wa Wasamburu, ambao jina lake halikuguswa na mvumbuzi yeyote. Kwa mbele kidogo kijani kinakwisha, barabara inapita katikati ya mawe meusi ya volkano, upepo unaanza kusukuma lori kwa ubavu, na nguzo za mitambo ya umeme wa upepo, zipatazo 365, zinaonekana zikizunguka upande wa Sarima. Halafu ziwa. Watu juu ya turubai waliacha kuzungumza kwa muda, kisha mmoja akauliza kama kuna aliyebaki na maji.

Kabaila Sámuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika kwenye ufuo huu mwezi Machi 1888, wakaliita ziwa kwa jina la Rudolf, mwanamfalme mrithi wa Austria. Mwanamfalme huyo alikufa mwezi Januari 1889, kabla mwaka haujatimia, na hakuwahi kuliona. Volkano iliyo ncha ya kusini bado inaitwa Teleki.

Jumatano na Alhamisi: Loiyangalani

Kitanda nilitandikiwa nje, chini ya makuti, kwa shilingi 1,000, kwa kuwa ndani hakulaliki kwa joto. Samaki wa kukaanga na ugali ni shilingi 300 na ni samaki wa asubuhi hiyo.

Jioni, kwenye kibanda cha chai, nilianzisha mazungumzo ambayo sikuweza kuyamaliza. Mvuvi Mturkana alisema jina ni sahihi, na kwamba wazee wake waliliita Anam Ka'alakol. Kijana wa Kisamburu akamkatiza kwamba Teleki alipouliza alijibiwa Basso Narok, na kwamba hilo limeandikwa na wazungu wenyewe. Mwenye kibanda, Mrendille, alisema kwamba ufuo huu wa mashariki una Wasamburu, Warendille, Wagabra na Waelmolo, na mbele zaidi Wadaasanach, ilhali ziwa zima limepewa jina la kabila moja ambalo wengi wao wako ng'ambo. Hakuna aliyemtaka Rudolf arudi. Walichobishania ni nani aliyeulizwa mwaka 1975, na mbishano wenyewe ulikuwa wa kirafiki, chai ikiendelea kumiminwa.

Kesho yake nilipanda hadi kwenye makumbusho ya jangwa, juu ya kilima nje ya mji. Nikiwa huko nilikumbuka fuvu maarufu la binadamu wa kale la Koobi Fora, kaskazini zaidi kwenye ufuo huu huu, lililopatikana mwaka 1972 na Bernard Ngeneo. Namba yake ni KNM-ER 1470, na herufi mbili za katikati ni za Rudolf Mashariki, kwa Kiingereza East Rudolf. Visukuku vya ufuo huu bado vinabeba herufi hizo, ilhali yule mvulana wa kale aliyepatikana magharibi mwa ziwa mwaka 1984 amewekewa WT, yaani West Turkana, Turkana Magharibi. Spishi yenyewe ya fuvu lile wataalamu huiita Homo rudolfensis. Mwanamfalme ametolewa kwenye maji akabaki kwenye mifupa, na kanuni za majina ya kisayansi haziruhusu atolewe.

Alasiri pikipiki ilinipeleka Layeni, kijiji cha Waelmolo. Wao ni wachache sana, na lugha yao ya asili imekwisha midomoni, sasa husema Kisamburu. Mzee niliyesalimiana naye, akitengeneza wavu, alinisikiliza nikieleza safari yangu hadi mwisho. Kisha akafungua mdomo na kunionyesha meno yake, ambayo yalikuwa ya kahawia na yamelika. Ni floridi ya ziwa, maji ambayo wameyanywa maisha yote. Akanyoosha mkono kuelekea Komote, kijiji chao kingine, ambacho kilikuwa nchi kavu hadi ziwa lilipopanda na kukifanya kisiwa, kiasi kwamba watoto sasa huvuka kwa mashua. Aliniomba nikiandika niandike mashua na maji ya kunywa kwanza. Jina, alisema, likae hivyo lilivyo, mradi wanaolitaja wajue kuna watu hapa. Nilinunua samaki wawili waliokaushwa, akaniongeza wa tatu.

Ijumaa: Kurudi

Kutoka Loiyangalani nilipata nafasi katika gari la wafanyabiashara wa samaki kwa njia ya Laisamis, ile iliyokarabatiwa kwa ajili ya kusafirisha mitambo ya upepo. Ni ya changarawe lakini ni nzuri kuliko ya Baragoi, na ninawashauri wasafiri waanze na hii wakiwa na haraka. Laisamis kuna lami hadi Isiolo.

Kati ya Isiolo na Nanyuki Mlima Kenya ulikuwa wazi, theluji kidogo ikionekana. Nilimwambia jirani yangu kwenye matatu kwamba vilele vya Batian, Nelion na Lenana vilipewa majina ya malaiboni, viongozi wa kidini wa Kimaasai, na Mwingereza Mackinder, aliyeupanda mwaka 1899. Jirani yangu, Mkikuyu, alisema malaiboni au la, mlima ni Kirinyaga. Mama wa nyuma kutoka Meru akasema ni Kirimaara. Abiria wa Kitui akatukumbusha kwamba mmisionari Mjerumani Krapf aliuona kutoka Ukambani mwaka 1849, na kwamba jina aliloandika, ambalo nchi nzima imelichukua, alilisikia kwa Wakamba, kwa hiyo sisi wengine tunyamaze. Hakuna aliyenyamaza. Kondakta alipofika kiti chetu alidai shilingi 300 kila mtu, na mama wa Meru akamwambia atamlipa akishasema mlima ni wa nani.